Ufa Aliouziba Fundi Timazi

Mtaani kwao walimwita Fundi Timazi, na jina halikumkaa bure. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma kizito ambayo waashi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima, na yeye mwenyewe alitembea hivyo hivyo, amenyooka kama anavutwa kutoka juu. Kwa miaka thelathini na minane alijenga nyumba za watu, madarasa, zahanati, na ukuta mmoja mrefu wa kiwanda cha sabuni ambao hadi leo akipita karibu nao lazima autupie jicho. Nyumbani kwake hakuna picha iliyokaa upande. Mkewe akitundika kalenda, yeye huinuka bila neno, akaisogeza kidogo kwa kidole, akarudi kukaa. Mke humwambia tarehe zilikuwa zinasomeka vizuri tu tangu mwanzo.

Mke huyo anaitwa Mama Cherehani, kwa sababu chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho karakana yake ya sare za shule. Ni mtu wa wasiwasi. Simu ikilia asubuhi mapema, moyo wake humtangulia kuipokea. Mtoto wa jirani akikohoa mara mbili, yeye keshauliza kama amepelekwa hospitali. Binti zao wawili walipokuwa wadogo, wasiwasi huo uligawanywa mafungu. Kisha mkubwa akawa muuguzi akaolewa mji mwingine, kitinda mimba akaenda chuo cha ualimu, na wasiwasi wote ukabakiwa na mtu mmoja tu wa kumwangukia, naye ni mume.

Na mume, kama aliyedhamiria kumtesa, akaanza kupanda ngome.

Ilianza na chakula cha mchana. Fundi alikuwa anapiga plasta jengo la ofisi karibu na ngome ya zamani, ile ambayo watu wa mji huipita kila siku bila kuinua uso. Saa sita akaingia kuchungulia. Alipotoka ilikuwa saa tisa na nusu, plasta aliyoichanganya imekauka kwenye karai, na msimamizi alikwisha kutuma watu wamtafute chini ya jukwaa wakidhani ameanguka. Jioni hiyo hakumweleza mkewe kwamba amekatwa nusu siku. Alimweleza kwamba ukuta wa kule ndani una unene wa yeye akiwa amelala chali, na watu walioujenga hawakuwa na hata ndoo ya plastiki.

Tangu hapo, kila mwaka, kazi zikipungua, alichagua mahali. Mama Cherehani akawa anafuatana naye, si kwa kupenda, bali kwa sababu alipiga picha kichwani ya mzee wa miaka sitini juu ya mnara, hana mtu wa kumshika shati. Alifunga mkate na mayai ya kuchemsha, chupa ya maji, dawa za presha za mumewe na kanga ya kukalia. Wakifika, yeye alikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, akahesabu. Akijua ngazi ni sabini na mbili, alihesabu sabini na mbili za kupanda, akampa muda wa kushangaa, akahesabu sabini na mbili za kushuka. Hesabu ikiisha kichwa cha mume hakijaonekana, alisimama.

Fundi hakutembea kama wageni wengine. Wengine walisoma vibao na kupigana picha. Yeye aliweka kiganja ukutani, akafumba macho, kisha akagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Kwenye ngome moja mwenye kutembeza wageni aliwasimulia habari za vita na wafungwa mpaka wanawake wawili wakatoa leso. Alipouliza kama kuna mwenye swali, Fundi akainua mkono akataka kujua maji ya kuchanganyia chokaa yalitoka wapi.

Mara moja walikwenda kutazama meli kuukuu, ya chuma tupu, iliyofungwa kwa minyororo kwenye gati ili watu waingie na kutoka bila kwenda popote. Siku ile zamu ziligeuka. Fundi aligonga kichwa kwenye mlango wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha akakaa kwenye kamba zilizozungushwa akilalamika kwamba chombo kizima hakina ukuta hata mmoja, ni mabati na misumari. Mkewe ndiye aliyezunguka. Alikaa muda mrefu katika jiko la mabaharia, chumba kidogo kuliko choo chao cha nyumbani, akiangalia vile vyuma vilivyozungushiwa meko ili sufuria zisimwage wimbi likija. Halafu akaenda kuona walikolala, vitanda vitatu vitatu juu ya vingine, akapima kwa mkono urefu wa kitanda kimoja na kutambua kwamba aliyelala pale alikuwa mvulana bado. Alirudi akamwambia mumewe kwamba kila kitanda kilikuwa na mama yake mahali fulani, amekaa anahesabu kama anavyohesabu yeye. Fundi akasema hilo haliandikwi kwenye vibao. Akamwangalia kidogo, akasogea, wakala mayai yao juu ya kamba.

Lakini mahali Fundi alipopapenda kupita pote ni magofu ya mji wa kale, saa tatu kwa basi kutoka kwao. Hapakuwa na mnara wala mzinga. Palikuwa na kuta za mawe zisizo na paa, visima vilivyokauka, njia nyembamba zenye majani, na katikati nyumba moja iliyobakiwa na mlango wa tao, mawe yamepangwa nusu duara juu ya kichwa, hakuna kinachoyashika ila kusukumana kwenyewe. Fundi aliuita Mlango, kama vile duniani hakuna mwingine. Alisimama chini yake kila walipofika, shingo nyuma, mdomo wazi.

Mtunzaji wa magofu alikuwa mwanamume mwembamba, mchangamfu, ambaye wageni walimwita Bwana Funguo. Alibeba shada la funguo kiunoni lililolia kila hatua, ingawa magofu yote yalikuwa na geti moja na kufuli moja. Fundi alipomuuliza nyingine ni za nini, alijibu kwamba mtunzaji mwenye ufunguo mmoja hakuna mtu atakayemwogopa. Alikuwa akiishi na mkewe na watoto wanne katika nyumba ya serikali pembeni ya geti. Akiwaona Fundi na Mama Cherehani wanashuka kwenye basi, alipiga kelele kutoka mbali, "Mzee wangu, kuta zako zimekuulizia."

Safari ya tatu, Fundi aliona ufa. Ulianzia ubavuni mwa tao, upana wa kidole, ukashuka kama mjusi anayekimbia. Alimwonyesha Bwana Funguo. Bwana Funguo akasema alikwisha kuandika kwa wakubwa mara mbili, na kwamba barua za magofu husomwa baada ya barua zote duniani kwisha. Fundi akarudi nyumbani na ule ufa kichwani. Aliuzungumza akinyoa ndevu. Aliuchora kwenye vumbi la mezani kwa mkewe, kati ya vipande vya kitambaa. Alisema mvua mbili tatu na Mlango uko chini, kwa kitu ambacho yeye angekimaliza katika nusu saa. Usiku wa kuamkia safari ya nne mke alisikia mwiko ukilia kwenye mfuko, hakuuliza. Alijua.

Sheria pale getini ilikuwa wazi, imeandikwa kwa rangi nyekundu: hakuna kuingia na chombo cha kazi, hakuna kugusa wala kutengeneza kitu. Fundi alipita na saruji ndani ya kopo la maziwa ya unga. Wanafunzi wa shule fulani walikuwa wamekuja na mwalimu wao, na Bwana Funguo alikuwa anawasimulia kisimani kwa sauti yake yote. Fundi alichanganya saruji na mchanga kwenye mfuniko wa kopo, akatia unga wa tofali na masizi kidogo ili rangi ifanane na ya mawe. Mama Cherehani alisimama mlangoni akilinda. Alimpa maji ya kunywa wanayotegemea kurudi nayo, akampa kila alichoagiza, na kila kivuli kilipopita alikohoa. Ilikuwa nusu saa kweli. Ilipokwisha, hata yeye aliyeshuhudia hakuweza kuonyesha ufa ulikuwa wapi.

Ndani ya basi walicheka mpaka kondakta akageuka kuwatazama. Miaka mingi hawakuwa wamecheka hivyo.

Mwaka uliofuata hawakwenda, maana binti mkubwa alijifungua na bibi alihitajika huko. Zilipita mvua za masika mbili. Walipokwenda tena, hakuna mtu aliyewapigia kelele kutoka mbali. Bwana Funguo alikuwa amekaa kwenye kiti getini, funguo zimelala kimya mapajani. Aliwasalimu vizuri, akawaruhusu waingie, akasema tu wasivuke kamba.

Kamba ilikuwa imezungushiwa nyumba ya tao. Mlango umeegemezwa magogo manne, kama mgonjwa anayeshikwa na ndugu. Pale ambapo ufa ulikuwa, palisimama mstari wa kijivu, mgumu, mzima kabisa, saruji ya Fundi ilivyotoka mkononi mwake. Mawe ya pande zote mbili ndiyo yaliyooza. Yalikuwa yanaanguka unga, mengine yamebaki kama meno yaliyoliwa, na mawe mawili ya tao yenyewe yalikuwa chini kwenye majani.

Bwana Funguo aliwaeleza, maana alihitaji mtu wa kumweleza. Mkaguzi wa mambo ya kale alikuja baada ya mvua. Alisema kuta zile zilijengwa kwa chokaa, na chokaa ni laini, huingiza unyevu na kuutoa. Mtu akapachika saruji. Maji yakakosa pa kutokea, yakatafuta njia ndani ya mawe, yakayala. Ufa wenyewe ulikuwa na umri wa miaka mia pengine na ungekaa mingine ishirini. Kilichouangusha ukuta ni dawa yake. Kisha mkaguzi akafungua daftari la kila siku, ambamo Bwana Funguo huandika baada ya kuzunguka nyumba zote, akakuta neno "salama" miaka miwili mfululizo. Kwa hiyo ama hakuzunguka, ama alimleta mtu akatengeneza kienyeji ili asisumbuliwe. Alhamisi mkaguzi angerudi kusikia maelezo yake. Kama hayapo, kazi imekwisha, na nyumba ya getini ni ya atakayekuja.

"Miaka kumi na mmoja, mzee wangu," alisema. "Sijapoteza hata jiwe. Na huyo mtu alikuwa na mkono, nakwambia. Nimepita pale kila siku, ufa sikuuona tena, nikadhani vumbi limeujaza."

Fundi alifungua mdomo. Mama Cherehani akamfinya mkono kwa nguvu zote alizo nazo, akasema jua ni kali, mzee ana presha, wanaliwahi basi.

Walipokuwa wanatoka getini aliona kamba ya nguo nyuma ya nyumba ya mtunzaji. Zilianikwa nepi sita na fulana ndogo ya mtoto asiyezidi miezi mitatu. Alitamani asingeziona.

Siku nne zilizofuata nyumba yao ilikosa raha. Fundi alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Alikaa kibarazani akiangalia mikono yake. Alipozungumza ni kuhusu ile rangi, masizi na unga wa tofali, kwamba kama angefanya kazi mbaya, kazi ya ovyo, mtu angeiona wiki ya kwanza na kuitoa kabla ya mvua. Maisha yake yote alijisifu kwa kiraka kisichoonekana. Mama Cherehani alimwambia hakujua. Akamjibu kwamba hicho ndicho kinachomuuma, kwamba alikwenda miaka yote ile akigonga na kusikiliza, akadhani ukuta unamwambia kitu.

Mke alimpigia simu binti mkubwa akitaka amkataze baba yake. Binti, kwa sauti yake ya wodini, aliuliza kama ni kweli waliingiza saruji kwa kopo la maziwa. Kisha akasema, "Mama, na wewe ulikuwepo?" Mama Cherehani akakata simu akisingizia salio.

Hakuwa mtu mbaya, na alilijua lile jambo lilivyo. Lakini kila alipofumba macho alimwona mumewe kwenye benchi la kituo cha polisi, bila dawa zake, amenyooka vilevile, anawaambia watu picha yao ya ukutani imekaa upande. Alimsihi. Alimwambia Bwana Funguo ni kijana, atapata kazi nyingine. Alimwambia wakubwa hawafukuzi mtu kwa ukuta wa watu waliokufa. Alimwambia kama hamhurumii yeye, amhurumie mjukuu. Fundi alisikiliza yote bila kubisha, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, kwa sababu mumewe akibisha kuna mahali pa kumshika.

Alhamisi asubuhi, Fundi alipoamka kutafuta shati, hakulipata. Mashati yake matatu yote, la kazi, la kanisani na la kushindia, yalikuwa kwenye beseni, yametapakaa povu, na mkewe ameinama juu yake akisugua kana kwamba yana damu.

Fundi akasimama na fulana ya ndani. "Leo ni siku ya kufua?"

"Yamechafuka."

"Hili la kanisani nimelivaa kwa saa mbili tu."

"Ndilo chafu kuliko yote."

Akainama, akalitoa la kanisani kwenye maji, akalisuuza, akalikamua kwa mikono ile ya kubebea mifuko ya saruji, akalivaa mwilini likidondoka. Akafunga vifungo vyote hadi cha shingo. Akachukua kofia. Mama Cherehani alimtazama akitoka getini, maji yakimchora mgongoni, watu wa mtaa wanageuka. Alikaa chini kando ya beseni kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Kisha akaingia ndani, akachukua dawa za presha na kanga, akamkimbilia. Alimkuta kituoni na hawakusemezana mpaka mwisho wa safari, ila njiani shati lilipokuwa linakauka alimnyooshea kola.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yao mkubwa, mwenye buti za kazini na kalamu sikioni. Walimkuta chini ya Mlango na Bwana Funguo amesimama mbele yake kama mwanafunzi. Fundi alivua kofia. Akasema bila kuzunguka kwamba saruji ile ni yake, aliiweka mwenyewe, peke yake, na mtunzaji hakujua lolote.

Mkaguzi alimwangalia kuanzia shati lenye makunyanzi hadi viatu, kisha akamwangalia Bwana Funguo. Mama Cherehani, ambaye kusoma nyuso ndiyo elimu yake kubwa, akaona anachofikiri mkaguzi. Hakuamini. Alidhani mtunzaji ametafuta mzee mwenye mvi asiye na kazi ya kupoteza, akampanga.

"Mzee, unaelewa unachokisema?" aliuliza. "Hili ni kosa la kisheria."

"Naelewa, mwanangu."

"Mtu yeyote anaweza kusimama hapa akasema ni yeye. Uliingizaje vifaa? Nani alikuona?"

Fundi alieleza kopo la maziwa, na wanafunzi kisimani. Alieleza masizi na unga wa tofali. Mkaguzi aliandika, lakini polepole, na akasema hayo yote Bwana Funguo angeweza kumfundisha kwa kuangalia ukuta tu. Akauliza tena nani alimwona. Fundi akasema hakuna. Akalisema akiangalia mbele, na mkewe akajua kwamba hata wakimvunja mbavu hatabadilisha neno, kwamba amekwisha kumtoa yeye kwenye habari hii kama mtu anayetoa jiwe taratibu ili lingine lisianguke.

Ingetosha anyamaze. Mumewe angeonekana mzee aliyechanganyikiwa, wangerudi nyumbani na basi la saa nane. Nyuma yake, huko getini, mtoto alikuwa analia kile kilio cha njaa anachokijua kila mwanamke aliyezaa, na hakuna aliyekwenda kumchukua, maana mama yake alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa pili, anasikiliza.

"Mimi nilimwona," alisema Mama Cherehani.

Fundi akageuka. "Mama watoto, hebu."

"Usinihebu. Nilisimama hapa, mguu huu hapa na huu hapa, nikilinda asije mtu. Maji ni yangu. Na pale chini, shimo lilikuwa refu, saruji inakimbilia ndani, akaniomba kitu cha kusindilia. Nikampa vipande vya sare. Nashona sare, mkoba wangu haukosi vipande. Vya bluu, vina mistari myeupe. Vitatu. Vimo humo mpaka leo, kama panya hawajala."

Mkaguzi akachukua tindo nyembamba ya kuchongea mawe kwenye mfuko wake, akaanza kugonga mahali alipoonyeshwa, na Fundi hakuweza kujizuia, akamwambia alaze tindo, asiisimamishe, atavunja jiwe. Akailaza. Kipande cha saruji kikatoka kizima, na nyuma yake, kimekakamaa kama karatasi, kikaonekana kitambaa cha bluu chenye mstari mweupe.

Bwana Funguo hakushukuru. Mama Cherehani alitegemea shukrani, na baadaye aliona aibu kwa kuitegemea. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, watu aliokuwa akiwapigia kelele za furaha kutoka mbali, akasema, "Nilikuwa nasimulia watoto kisimani." Kisha akaondoka kwenda kumbeba mwanawe.

Polisi hawakuitwa. Mkaguzi aliandika kurasa nyingi, akawasainisha wote wawili. Mama Cherehani alitia saini yake ya polepole, herufi moja moja. Kuhusu mtunzaji, liliandikwa onyo kwa kutokagua mifuko, na kazi yake ikabaki. Kuhusu Fundi, ilikuwa ngumu zaidi. Saruji ilibidi itoke yote, na mkaguzi alikiri kwamba hana mtu anayejua imeingia kina gani na wapi. Kwa hiyo Fundi angeitoa mwenyewe, chini ya macho yake, bila malipo. Kurudishia chokaa kungefanywa na mafundi wa idara, yeye hataigusa. Na ikishatoka, mwaka mzima asikanyage ndani ya magofu hayo wala ngome yoyote iliyo chini ya idara. Fundi aliyapokea yote kwa kuitikia kwa kichwa, isipokuwa hilo la mwisho, ambalo alilipokea kwa kukaa chini.

Alifanya kazi siku tisa. Aligonga kama anayemwamsha mtoto. Jioni mabega yalikuwa hayainuki, mkewe akayakanda kwa mafuta. Kila alipofika kwenye jiwe zima alilisema kwa sauti ili mkaguzi aandike, na siku ya sita wakawa wanabishana kuhusu mchanga kama watu wanaofahamiana. Bwana Funguo alifungua geti asubuhi na kufunga jioni. Siku saba hakuwasalimu. Siku ya nane alimletea Mama Cherehani kiti, akakiweka, akaenda zake.

Mafundi wa idara walipomaliza na magogo kuondolewa, Fundi aliuliza kutoka nje ya geti chokaa hiyo itachukua muda gani kukauka. Aliambiwa miezi, na ndani kabisa labda miaka. Yeye aliyezoea kesho yake asubuhi alirudia neno hilo ndani ya basi, njia nzima: miaka.

Sasa wanakwenda hivi. Mvua zikipita, wanapanda basi la asubuhi. Fundi anabaki nje ya geti, kwenye kile kiti, mbele ya lile bango jekundu, kwa sababu amri ni amri na yeye hajawahi kupindisha kitu kwa kujua isipokuwa mara moja. Mama Cherehani anaingia peke yake. Hapo mwanzo alitembea kwenye zile njia kama anayetegemea nyoka, akigeuka kila hatua kuona kama mumewe bado yupo kitini. Alifika chini ya Mlango, akainua shingo, mawe yote yale hewani. Akaona ujinga kusimama tu, akaweka kiganja.

Alirudi getini jasho limemtoka. Fundi alikuwa amesimama, ameshika vyuma.

"Eeh. Umeiona chokaa?"

"Nimeiona."

"Rangi?"

"Imepauka kuliko siku walipoimaliza. Kama unga wa ngano."

"Umegusa?"

"Bango linasema nisiguse."

"Mke wangu."

"Ya baridi. Juu kavu, huku chini kwenye kiungo cha tatu ina unyevu kidogo, kidole kinaingia ukucha."

"Ukucha mzima?"

Bwana Funguo, ambaye alikuwa anafagia karibu na kujifanya hasikii, alisema bila kuinua kichwa kwamba si mzima, ni nusu, yeye alipima jana. Mama Cherehani akasema wake ni mzima. Wakatazamana, mtunzaji akaegemeza fagio ukutani, akamwambia basi twende tukaone, mama, tusibishane hapa. Fundi akawasindikiza kwa macho mpaka walipopinda kisimani, funguo zikilia mbele, kisha akakaa, akaanza kuhesabu.